Viluwiluwi Wenye Mayai

Jina lake halisi lilibaki kwenye vyeti vyake na kinywani mwa mama yake. Watu wengine wote, tangu walinzi wa lango la kituo cha utafiti hadi wavuvi wa gatini, walimwita Hadubini. Aliyempachika jina hilo ni mdogo wake wa kiume, kitindamimba wa mama yao, ambaye nyumbani aliitwa Kitinda. "Dada yangu huyu," alizoea kusema, "ukimwekea chakula mezani, kwanza ataki­inamia akichungulie weee, ndipo ale." Watu wakacheka, na jina likanata.

Kazi ya Hadubini ilikuwa kuchunguza zooplanktoni, wale wanyama wadogo wasioweza kushindana na mkondo, wanaokwenda kokote maji yanakowapeleka. Bahari aliyoichunguza ilizungukwa na nchi kavu karibu pande zote. Mito mikubwa iliimwagia maji matamu, na maji ya chumvi yalipenya kutoka bahari kuu kupitia mlango mwembamba, yakazama chini kwa uzito wake. Ndiyo maana maji ya juu yalikuwa ya chumvichumvi tu, kama mchuzi wa mpishi msahaulifu, na ya kilindini yalikuwa makali zaidi na ya baridi.

Katika maji hayo waliishi kopepodi, vidudu wadogo kuliko punje ya mchele, wenye papasi mbili ndefu kama masharubu ya bwana harusi. Mchana walizama gizani kuyakwepa macho ya dagaa, na jua likitua walipanda kula. Mayai yao yalitoa viluwiluwi wasiofanana na mama zao hata kidogo. Viluwiluwi hao walijivua ngozi, wakaongeza miguu, wakajivua tena, mpaka siku moja wakawa watu wazima. Mayai mengine yalizama kwenye tope yakalala huko miaka na miaka, yakingoja maji yatakayoyapendeza. Dagaa waliishi kwa vidudu hao, na mji mzima uliishi kwa dagaa.

Ukaja mwaka ambao dagaa walikonda. Wavuvi waliwavua, lakini walikuwa vichwa vitupu, matumbo yamegandana na mgongo. Kila mtu aliuliza kulikoni. Hadubini akapanda meli ya utafiti, akashusha wavu kwenye maji ya kilindi, na wavu uliporudi alikuta ndani yake vitone vya uhai vinavyong'aa kama vioo: konyeza wachanga, wanyama wa ute wasio na mfupa, wadogo kuliko punje ya dengu, kila mmoja ana safu nane za vinyweleo vinavyometameta rangi za upinde wa mvua.

Alivijua vitabu vyake. Kulikuwa na konyeza mlafi wa bahari za mbali, ambaye alikwisha kubebwa na meli na kwenda kumaliza chakula cha samaki katika bahari za watu. Viluwiluwi wake walikuwa hivihivi. Moyo wa Hadubini ukaruka. Akasema, ndiye huyu.

Akatangaza. Redio zikamwita, magazeti yakampiga picha akiwa ameinua chupa ya kioo juu ya taa. Watu walipouliza mgeni huyo kafikaje, jibu lilikuwa jepesi. Meli za mizigo hubeba maji tumboni ili zisiyumbe, na sheria inazitaka ziyabadilishe mbali, katika bahari kuu. Kulikuwa na meli moja iliyoyamwaga maji yake karibu na pwani wakati wa dhoruba, nahodha akisema ilikuwa ama hivyo ama wazame. Mhandisi aliyefungua pampu alikuwa Kitinda.

Wakuu wa bandari walimwita Hadubini kumuuliza kama ana hakika. Angeweza kusema bado anachunguza. Alisema, "Ushahidi uko wazi kama mchana." Leseni ya mdogo wake ikachukuliwa.

Mama yao hakupiga kelele. Alikaa kwenye kiti chake sebuleni, akamtazama binti yake kwa muda.

"Mwanangu, huyu si ulimbeba mgongoni?"

"Mama, sayansi haina ndugu."

Sentensi ile ilimpendeza Hadubini mwenyewe. Aliirudia redioni mbele ya nchi nzima, na mtangazaji akamsifu kuwa ni mtu wa haki. Alirudi nyumbani siku hiyo kichwa kimevimba.

Ni mtu mmoja tu aliyemsumbua. Pale kituoni alikuwepo mwenzake, mtaalamu wa tope la chini ya bahari na mayai yanayolala humo. Walimwita Bwana Matope, na naye hakuwa na neno, kwani viatu vyake vilithibitisha. Katika mkutano wa wataalamu, Bwana Matope alisimama akauliza, "Watoto tumewaona. Wazazi wako wapi? Konyeza huyu akikua anafika ukubwa wa ngumi. Mbona hakuna mvuvi hata mmoja aliyemwona?"

"Bwana Matope," Hadubini alijibu, "mtu anayeshinda kichwa chake kimezama topeni atawezaje kuona kilichomo majini?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Bwana Matope naye akacheka kidogo, akakaa, akaanza kufuta miwani yake isiyokuwa na vumbi.

Hata hivyo swali lile lilimkaa Hadubini kama mwiba wa samaki kooni. Akaamua kumziba mdomo yule bwana. Aliwaleta viluwiluwi wazima, akawaweka kwenye machupa makubwa katika chumba cha baridi cha maabara, gizani kama walivyozoea, akawalisha kopepodi. Alitaka wakue mpaka wawe kama ngumi, kisha ambebee Bwana Matope mmoja kwenye sahani.

Hawakukua. Walikula vizuri, walicheza vizuri, lakini walibaki dengu kwa dengu. Ajabu ni kwamba walizidi kuwa wengi.

Asubuhi moja alimvuta mmoja kwa mrija, akamtia kwenye kisahani cha kioo, akaweka jicho. Kiluwiluwi alitulia akipeperusha vinyweleo vyake. Chini ya kila safu, ndani ya mwili ule wa kioo, kulikuwa na shanga ndogondogo zimejipanga. Hadubini aliinua kichwa, akafuta lenzi, akatazama tena. Akamtoa yule akamweka mwingine. Naye alikuwa nazo. Zilikuwa mayai. Katika chupa ya pembeni aliona vitone vipya kabisa vinaogelea, watoto wa watoto.

Yule mgeni mlafi, kwa vitabu alivyovisoma, anaanza kutaga baada ya kukua. Hadubini alikumbuka kwamba aliwahi kusoma habari za konyeza mwingine, wa maji ya baridi, ambaye mahali pagumu huamua kutokua kabisa. Huzaa angali mtoto, na mtoto wake huzaa angali mtoto, ukoo mzima unaendelea bila mtu mzima hata mmoja. Wazazi aliokuwa akiulizia Bwana Matope walikuwa mle mle, kwenye kisahani. Na mnyama huyo hakuletwa na mtu. Alikuwa mwenyeji wa kile kilindi kabla ya meli ya kwanza, kabla ya gati, kabla ya mji. Hakuwahi kuonekana kwa sababu wavu wa zamani ulimponda, na dawa ya kuhifadhia iliyotumika miaka yote ilimyeyusha akawa ute.

Chumba kilikuwa cha baridi ya kugandisha vidole, lakini masikio ya Hadubini yaliwaka moto. Sauti yake mwenyewe ya redioni ilimrudia neno kwa neno. Sayansi haina ndugu. Alitamani ardhi ipasuke immeze, naye alikuwa peke yake, hakuna aliyemwona.

Hilo la kutoonwa ndilo lililomponza. Alichukua machupa, moja baada ya jingine, akayamwaga kwenye sinki. Akafungulia maji ya moto. Vitone vile vilipoteza mng'ao, vikawa utando, vikaondoka. Kisha akaosha machupa vizuri sana, akayapanga rafuni yakiwa yameinamishwa, akatoka kwenda kunywa chai na wenzake. Walipomuuliza wanyama wake wanaendeleaje, alijibu kwamba jokofu limewaharibu.

Siku zilizofuata alijifunza jambo ambalo hakuna kitabu kilichomfundisha, kwamba aibu ina tabia ya kula na mtu. Alialikwa shuleni kuzungumza na wanafunzi, akazungumza yaleyale, na wanafunzi wakampigia makofi. Alipokuwa anapita kwenye vioo vya maduka alitazama upande wa pili. Akipiga mswaki alifumba macho. Mara nyingi alijiambia kwamba pengine alikosea kuona, na kila alipojiambia hivyo aliziona zile shanga.

Mwisho wa mwezi alikwenda kumwona mama yake. Alikuwa amehakikisha kwanza kwamba Kitinda hayupo.

"Yuko kule boti zinakopandishwa," mama alisema huku akimenya viazi. "Anakwangua vitako vya boti. Kila siku ya Mungu."

"Si mbaya. Walau amepata kibarua."

Mama alicheka kicheko kikavu. "Kibarua! Nani kakwambia analipwa? Kenda mwenyewe kwa wavuvi, mlango kwa mlango, kawaomba radhi. Kawaambia, mimi ndiye niliyewaletea balaa, sina cha kuwapa ila mikono yangu. Mmoja alimmwagia maji ya samaki, yale ya kuoshea, yote usoni. Kajifuta, kachukua kwangulio, kaendelea na boti ya huyohuyo."

"Nani alimwambia afanye hivyo?"

Mama aliacha kumenya. "Si wewe? Ulisema kaleta balaa, naye kaamini. Tangu mdogo, ulichosema wewe kwake ni kama kimeshuka mbinguni. Wengine wote walimwambia ajitetee, kwamba dhoruba ilikuwa mbaya, kwamba kulikuwa na watu ndani ya meli. Akasema, dada ameona kwa macho yake."

Hadubini alisimama. Aliondoka bila kumaliza chai, na mama yake, aliyemjua, hakumzuia.

Alimkuta Kitinda chini ya boti iliyoinuliwa juu ya magogo, amelala chali, anakwangua makombe yaliyonata kwenye ubao. Vumbi jeupe lilimjaa kwenye nyusi. Alipomwona dada yake alijiburuta akatoka, akasimama, akafuta mikono kwenye suruali.

"Shikamoo, dada."

Neno la kujibu ni moja tu, na mtoto mdogo analijua. Hadubini alilitafuta likamkwama. Aliitazama mikono ile, imechanikachanika kila mahali kama ya mtu aliyepigana na paka.

"Usiniamkie," alisema. "Kaa kwanza."

Walikaa juu ya gogo. Akamwambia yote, si kwa mpangilio mzuri. Alianzia kwenye mayai, akarudi kwenye wavu, akaruka kwenye kilindi na yule konyeza wa baridi. Kitinda alisikiliza ameinamisha kichwa, kama alivyokuwa akisikiliza utotoni alipofundishwa hesabu.

"Ngoja," alisema. "Unasema hawakutoka kwenye meli yangu."

"Hawakutoka kwenye meli yoyote. Wapo siku zote."

"Siku zote."

"Ndiyo."

Kitinda aliinua kwangulio, akaligeuza, akaliweka chini. "Umejua lini? Jana?"

Hapo palikuwa na mlango wa uongo, umefunguliwa wazi, na mdogo wake mwenyewe ndiye aliyeufungua kwa heshima zote. Hadubini aliuona, akaupita.

"Tangu mwanzo wa mwezi."

"Na hao wenye mayai, uliwaonyesha nani?"

"Sikumwonyesha mtu. Niliwamwaga kwenye sinki."

Kitinda alimtazama kwa mara ya kwanza tangu wakae. Hakuwa na hasira, ingekuwa afadhali angekuwa nayo. Alikuwa na mshangao wa mtu aliyeingia chumba anachokijua akakikuta hakina sakafu.

"Mimi nilimwaga maji kuokoa watu," alisema polepole. "Wewe ulimwaga yako kumwokoa nani, dada?"

Hadubini alijifunika uso kwa viganja. Machozi hayakuja, na hata hilo lilimtia soni, kwa sababu machozi yangekuwa nafuu. Aliposema "Nisamehe," lilitoka dogo, kama limesemwa na mtu wa nyumba ya pili.

"Boti hii inarudi majini leo," alisema Kitinda na kusimama. "Mwenyewe ananingoja. Kawaambie wao kwanza. Wao wamenichukia mwaka mzima, mimi nitasubiri." Akajilaza chali tena na kuingia chini ya ubao, na sauti ya kukwangua ikaanza, krr, krr, bila haraka.

Kutoka pale Hadubini alikwenda moja kwa moja kwa Bwana Matope. Alimkuta anapepeta tope kwenye chekecheo, mikono imeloa hadi kwenye viwiko. Akamweleza. Bwana Matope aliuliza jambo moja tu, kama anaweza kuwaona hao wanyama.

"Hawapo. Niliwamwaga."

Bwana Matope aliweka chekecheo chini. "Hilo ni baya kuliko kukosea," alisema. "Kukosea, sote tumekosea. Haya, bahari haijahama. Twende tukawatafute wengine."

Wakaenda. Ilibainika kwamba mtaalamu wa tope hawezi mawimbi. Alitapika tangu gati mpaka kilindini, akawa anashikilia ndoo kwa mkono mmoja na wavu kwa mwingine, na katikati ya kutapika aliuliza, "Kwa hiyo, mama, nikitoka hapa kichwa nikirudishe topeni au nikiache hewani?" Hadubini alicheka akiwa anatamani kulia. Aliomba radhi kwa lile la ukumbini. Bwana Matope alipunga mkono kumwashiria anyamaze, akainamia ndoo.

Wavu ulipanda na vitone vile, vingi, vinang'aa. Waliwatazama pamoja, kila mmoja kwa jicho lake, wakapeleka vipande kwenye maabara nyingine inayosoma vinasaba, kwa watu wasiomjua Hadubini wala mdogo wake wala mama yake. Jibu likarudi: mwenyeji wa maji baridi. Yule mgeni hakuwepo.

Wavuvi walikuwa na ukumbi wao karibu na gati, wenye viti vya plastiki na feni moja iliyolalamika. Mwenyekiti wao alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya king'ora. Ukumbi ulijaa. Kitinda hakuja.

Hadubini alisema alikosea. Alieleza kwa maneno ya kawaida, na hakumeza lolote, hata la sinki. Aliposema la sinki, minong'ono ilipita kwenye viti kama upepo kwenye majani makavu, na mtu nyuma akasema, "Loo! Na huyu ndiye msomi!"

"Sasa," mwenyekiti aliuliza, "kama si huyo konyeza, dagaa wetu kawakondesha nani?"

"Nadhani ni maji yenyewe. Mvua zimekuwa nyingi, mito imejaa, chumvi imepungua. Wale kopepodi wakubwa wenye mafuta wanataka chumvi. Ikipungua mayai yao hayaanguliwi, yanabaki topeni. Wanaochukua nafasi ni wadogo, wembamba. Dagaa wanakula kutwa na hawashibi." Alisita. "Nimesema nadhani. Mara ile sikusema nadhani, na ndilo kosa langu."

"Kwa hiyo hakuna wa kumkamata?"

"Kwa sasa sina."

Mzee mmoja wa mbele, mwenye kofia iliyochakaa, alisimama kwa shida. "Na yule kijana? Mimi ndiye niliyemmwagia maji ya samaki. Nilimmwagia mtu asiye na hatia?"

"Ndiyo," Hadubini alisema. "Ni ndugu yangu, tumbo moja. Nilijisifu redioni kwamba simjali."

Mzee alivua kofia, akaikunjakunja, akabaki amesimama kama aliyesahau namna ya kukaa. Hakuna aliyepiga makofi. Watu walitoka kwa vikundi, wengine wakimpita Hadubini bila salamu, na mwenyekiti alizima ile feni kabla yeye hajamaliza kukusanya vitu vyake.

Redio iliyokuwa imempa saa nzima mwanzoni ilimpa dakika chache kabla ya michezo. Kituo kilimwondolea uongozi wa mradi, na hakubisha. Wakuu wa bandari walimrudishia Kitinda leseni kwa onyo la kumwaga maji karibu na pwani, maana sheria ni sheria, lakini kampuni yake ilikuwa imekwisha kumpa mtu mwingine nafasi. Alipata kazi kwenye kivuko kinachovusha watu ghuba, kwenda na kurudi. Siku ya kwanza yule mzee wa kofia alikwenda kumsubiri gatini, wakazungumza kando, na hakuna aliyejua walisemezana nini.

Hadubini alikaa wiki nyingi bila kupanda kivuko kile. Alizunguka na gari ghuba nzima ili asikutane na mdogo wake. Siku gari lilipoharibika, na ana ndoo za sampuli zinazotaka kufika zikiwa baridi, ilibidi apande. Alisimama nyuma kabisa, amejibanza kati ya baiskeli na magunia.

Katikati ya safari Kitinda alipanda kutoka kwenye injini kuvuta hewa. Alimwona. Alisita kidogo mlangoni, akifuta mikono kwa kitambaa, kisha akaja akasimama karibu naye, mkono wake ukiwa kwenye reli. Makovu yalikuwa yamepoa, yakabaki mistari myeupe. Hadubini aliyatazama, akaona haya, akahamishia macho majini.

"Sogea huku, dada," alisema Kitinda. "Upande huo moshi unakuja kwako."

Akasogea. Kitinda aliinama akazihamisha ndoo mwenyewe, moja moja, kwa uangalifu ili zisimwagike, akaziegemeza kivulini. Hadubini alikuwa ameyaandaa maneno ya kuomba msamaha upya, yaliyo bora kuliko yale ya kwenye gogo. Yalifika mdomoni mara mbili, akayameza. Kengele ya chini ililia, Kitinda akashuka kupunguza injini, na kivuko kikaanza kugeuka taratibu kuelekea gatini.